Kaka, Ulitafsiri Nini?

Grand Prairie, Texas
Jumapili, 9 Machi 2025

Kwako Kaka Sadock,

Shikamoo. Naanza na shikamoo kwa sababu ndivyo Mama alivyotulea, na kwa sababu wewe ni mkubwa wangu hata wiki hii ambayo ningependa usiwe. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi yangu Melania na watoto, na kwamba maji ya mvua hayajaingia tena gereji kwenu. Mimi huku ni mzima wa mwili. Nakula, nalala, naenda kazini Dallas na kurudi. Kilichoharibika ni moyo, na aliyeuharibu ni wewe.

Utajiuliza kwa nini nimekuandikia kwenye karatasi wakati simu zipo. Simu nilikupigia Ijumaa ukaniambia nina hasira za njaa, kisha ukanikatia. WhatsApp nayo nakujua: utasoma mstari wa kwanza, utanirushia kidole gumba, halafu utaendelea kutuma video za Simba na Yanga. Barua huwezi kuikatiza. Kama utataka kuichana, ichane ukishafika chini, maana huko chini kuna jambo ambalo hulijui, na ndilo lililonikalisha hapa mezani leo badala ya kwenda misa.

Ngoja nianze na kazi yangu, maana miaka yote hii sidhani kama umewahi kuniuliza. Mimi ni mtaalamu wa lishe. Nilisoma kemia, nikasoma figo na ini zinavyofanya kazi, nikakaa mtihani wa bodi kama wewe ulivyokaa wako wa uuguzi. Mgonjwa asiyeweza kumeza, mimi ndiye ninayepanga kipite nini kwenye mrija wake na kwa kiasi gani, na nikikosea naweza kumuua. Wewe ni nesi. Kwenye kila wodi uliyofanya kazi umesoma tulichoandika watu kama mimi, na umekifuata. Halafu ukirudi nyumbani unawaambia wageni kwamba Bertila anapika uji wa hospitali. Mara ya kwanza, kwenye kipaimara cha binti yako Pelagia, nilicheka na wengine. Baadaye sikucheka tena, na wewe hukuona.

Sasa kuhusu ile jioni ya Alhamisi. Chama chetu cha wataalamu wa lishe kina mpango wa kupita kwenye shule za sekondari zenye watoto wa Kilatino, watoto weusi na watoto wa wahamiaji kama wetu, kuwaeleza kwamba kazi hii ipo na kwamba wanaiweza. Tulianza huku kwetu, Garland na Grand Prairie, na mwaka huu tukafika huko kwenu Houston. Sababu ni rahisi. Hospitali zimejaa wagonjwa wa Kilatino na Waafrika, lakini kwenye idara yetu sisi tusio wazungu tunatosha kwenye kochi moja. Mtu wa kumweleza mgonjwa ale nini hajui hata mgonjwa anakula nini.

Yule mwalimu aliyetualika shuleni kwa Pelagia, Bi Ybarra, alinisimulia habari za mama yake, mzee wa Kimeksiko mwenye sukari. Walimpa karatasi yenye picha ya brokoli wakamwambia aachane na tortilla, zile chapati zao za mahindi. Mzee aliitikia kwa heshima zote, akawashukuru, na tangu siku hiyo akawa anakula tortilla zake chooni amejifungia. Bi Ybarra alisimulia huku akicheka, lakini machozi yalikuwa yanamlengalenga. Ndiyo maana aliupigania mpango huu mpaka uongozi wa shule ukachoka naye.

Niliendesha gari kutoka huku mpaka Houston nikiwa na furaha, kaka, na nisikufiche, sehemu kubwa ya furaha ilikuwa kwamba Pelagia amekushawishi uje unisikilize. Ulifika na nguo zako za kazini, kitambulisho kinaning'inia shingoni. Ukumbi ulijaa. Wazazi wasiojua Kiingereza wanakaa makundi makundi kwa lugha zao, kila kundi na mkalimani wake wa kuwanong'oneza, na mimi naongea Kiingereza kule mbele. Mkalimani wa Kiswahili akapiga simu kwamba anaumwa. Bi Ybarra akauliza kama kuna mzazi wa kuwasaidia wale wazazi wa Kikongo, na wewe ukanyanyua mkono. Nilitaka kulia. Nikasema moyoni, leo kaka yangu ananibeba.

Nikaanza kuongea. Kila nikitupa macho upande wenu nakuona umeinama katikati yao, mikono inachora hewani, nao wanakusikiliza kwa makini kuliko kundi lolote. Kisha wakaanza kucheka. Nami nikatabasamu kule jukwaani kama mjinga, nikidhani unawachangamsha. Nilifurahi hata nikapunguza mwendo ili usipitwe na neno.

Tulipomaliza, kwenye meza ya Bi Ybarra walipanga foleni watoto wa Kilatino na mama zao, walikuwepo Wanigeria, walikuwepo Wavietnamu. Wa Kikongo hakuja hata mmoja. Nikamfuata mama mmoja aliyekuwa anavaa koti, anaitwa Mama Kezia, nikamsalimia kwa Kiswahili na kumuuliza kama binti yake hakupendezwa. Alishtuka kwanza kusikia naongea Kiswahili. Kisha akanijibu kwa Kiswahili chao cha Bukavu, bila ubaya wowote: "Ule papa wa hopitali alituambia asema ni kazi ya kupika bouillie. Mie sikukimbia vita juu mutoto yangu apikie watu bouillie."

Papa kwao ni baba, na bouillie ni uji. Nikamuomba anieleze yote. Akanieleza, na mengine nimekuja kuyajua baadaye kwa mtu mwingine. Niliposema mtaalamu wa lishe, wewe ulisema mpishi wa hospitali. Niliposema kemia ya mwili, ulisema wanasomea mambo ya jikoni. Niliposema chakula cha kupitisha kwenye mrija, ulisema uji. Halafu ukaongeza yako ambayo mimi sikuyasema kabisa: kwamba wazungu wameshaona watoto wa wahamiaji wanaingia kwenye unesi kwa wingi, sasa wanawatafutia kazi ya kusukuma vitoroli vya sahani ili wawapunguze, na kwamba mzazi mwenye akili amlete mtoto kwako umuelekeze kwenye uuguzi. Na wao wakakuamini. Kwa nini wasikuamini? Una kitambulisho shingoni, una sare ya kijani, na unaongea Kiswahili kizuri cha Tanzania. Walidhani wanausikia ukweli.

Uliniambia kwenye simu kwamba ulikuwa unatania. Utani unafanywa na mtu anayeweza kukujibu, Sadock. Mimi nilikuwa jukwaani, sikusikii. Wale wazazi hawajui Kiingereza, hawawezi kupima ulichosema. Ulijiona mtu pekee kwenye ukumbi ule mwenye maneno ya pande zote mbili, na ulifanya ulichotaka. Mimi huo siuiti utani. Ulinivua nguo mbele za watu, na ukahakikisha niko mbali nisisikie.

Na usinieleze habari za uuguzi. Siuchukii. Umewasaidia Watanzania wengi walioshuka Houston bila kujua waanzie wapi, na hilo nimelisifu mbele za watu. Lakini umefika mahali unadhani Mungu aliumba hospitali yenye manesi na madaktari tu, na wengine wote ni wafagizi. Kijana akikwambia anataka kitu kingine unamtazama kama amekwambia anaumwa.

Sasa nikukumbushe habari za Mama, maana nadhani umezisahau, au hukuzijua kabisa. Miaka minne iliyopita alipokuja kwenu na sukari ikampanda, wewe ndiye uliyempeleka kliniki, na wewe ndiye uliyetafsiri. Daktari alieleza kwa kirefu. Wewe, kwa haraka zako za kuwahi zamu, ulimpa sentensi moja: "Mama, daktari anasema ujihadhari sana na wanga." Ukamshusha nyumbani ukaondoka.

Shuleni tulifundishwa kwamba wanga ni kile kilichomo kwenye ndizi na ugali na viazi. Mama hakufundishwa hivyo. Mama amekulia Kamachumu, na kwake wanga ni wanga, wale wanaotembea usiku. Alielewa kwamba daktari wa Kimarekani amempima damu na kuona mkono wa mchawi kwenye chakula chake. Na nani alikuwa anampikia? Melania, mkeo.

Ndiyo maana Mama aliacha kula chakula cha Melania. Ndiyo maana alikuwa anaamka mwenyewe anachemsha ndizi zake kwenye kisufuria chake, anakula ndizi asubuhi, ndizi mchana, ndizi usiku, kwa sababu ndizi alizomenya kwa mkono wake ndizo alizoziamini. Sukari ikazidi kupanda. Wewe ukawa unamgombeza kwamba ni mkaidi. Melania akawa analia kwenye sinki, ukamwambia wazee ndivyo walivyo. Nesi mzima, mzee anaisha mbele yako, na hukumuuliza hata siku moja alichoelewa.

Aliyenipigia simu alikuwa Pelagia. Alikuwa na miaka kumi na tatu. Aliniambia Bibi yake hataki kula chakula cha mama yake na hakuna anayejua kwa nini. Nikaja, kama utakumbuka, ukadhani nimekuja kutembea. Nikakaa na Mama kitandani nikamwomba anirudishie maneno ya daktari kama alivyoyasikia. Akafunga mlango, akaninong'oneza kwamba hawa Wamarekani ni watu wa ajabu, hata wanga wanawaona kwa mashine. Nilicheka mpaka nikaona aibu. Kisha nikamweleza kwa Kihaya, ndizi mkononi, nikamkatia kiasi cha ngumi yake, nikamwambia hii ni yako, kula, na mboga za Melania kula, na samaki kula. Jioni ile alikaa mezani na wote. Pelagia alikuwa amesimama humo chumbani muda wote tukiongea, na sikumfukuza.

Melania mpaka leo hajui kwa nini mkwe wake alimgomea. Mwambie. Ukishindwa, nitamwambia mimi, na mimi sitapunguza neno.

Sasa nafika kwenye lile jambo. Kaka, unajua kwetu mtoto wa kike ana mambo ambayo hawezi kumwambia baba yake uso kwa uso. Anamwambia shangazi, na shangazi ndiye anayeyabeba kwenda nayo kwa baba. Kazi hiyo sikuiomba, uliniletea mwenyewe siku ulipozaa binti. Pelagia aliniambia jambo lake akaniomba nisikwambie kwanza, kwa sababu alitaka akwambie mwenyewe kwa namna yake. Baada ya Alhamisi amenibembeleza nisikwambie kabisa, nikamwahidi. Ahadi hiyo naivunja hapa, na nitabeba lawama zake.

Utakumbuka kwamba kuelekea mwisho wa hotuba yangu Bi Ybarra alitangaza kuwa yupo mwanafunzi wa shule hiyo aliyeshachaguliwa kwenye mpango wetu: atakaa hospitalini kipindi cha kiangazi akijifunza na wataalamu, na chuo kitamsaidia ada. Alisema mwanafunzi huyo atapanda jukwaani kuwaeleza wazazi kwa nini amechagua kazi hii, na ataeleza kwa Kiingereza na kwa Kiswahili. Tukasubiri. Hakupanda mtu. Bi Ybarra akaita tena, bila kutaja jina, kwa sababu mtoto mwenyewe aliomba jina lisitajwe mpaka awe amesimama pale mbele. Mimi nikajifanya nimepata jambo jingine la kusema, tukaendelea.

Na wewe, kwa lile kundi lako, ukasema: "Mnaona? Hata mwanafunzi wao mwenyewe amekimbia."

Alikuwa hajakimbia, Sadock. Alikuwa amekaa mkono wako wa kushoto. Ulimwita wewe mwenyewe aje akae karibu nawe ukiwa unatafsiri, aone baba yake anavyosaidia watu. Alikuwa amevaa ile blauzi nyeupe ambayo Melania alimpigia pasi akidhani ni ya kwaya. Alifanya mazoezi ya maneno yake ya Kiswahili na mimi kwa simu wiki tatu, kwa sababu unajua Kiswahili chake kinavyokwama, na hakutaka akosee mbele yako. Maneno ya kwanza yalikuwa yanamhusu Bibi yake na wanga. Alitaka ucheke kidogo kwanza, kisha uelewe. Alikuwa ameshachagua hata mahali utakapocheka.

Badala yake alikaa pale akakusikiliza kila neno. Kiingereza anakijua na Kiswahili anakielewa, kwa hiyo ukimwondoa Mungu, yeye peke yake ndiye aliyesikia pande zote mbili na kuona unachofanya. Alisikia uji. Alisikia vitoroli. Alipoitwa, alianza kuinuka, ndivyo alivyoniambia, na ndipo ukasema yule mwanafunzi amekimbia, na watu wakacheka, na yeye akabaki amekaa.

Usiku ule ulimrudisha nyumbani, mkala, na hukuona kitu. Ijumaa alikwenda kwa Bi Ybarra kabla ya kipindi cha kwanza akamwambia nafasi ile apewe mwingine. Kisha akanipigia. Nilitegemea atalia. Hakulia, na hilo ndilo linalonitisha. Aliniambia: "Shangazi, it's fine. Nita-apply nursing tu. Sitaki Dad aone aibu kwa watu." Nikamuuliza kama anautaka uuguzi. Akasema, "It doesn't matter." Binti yako ana miaka kumi na saba na ameshajifunza kusema "haijalishi" kuhusu maisha yake.

Ndipo nilipokupigia wewe simu, ukaniambia nina hasira za njaa.

Sikuombi uniombe radhi. Radhi yako kwangu siitaki sasa hivi, ningeitupa. Wala usije na zile hotuba zako kwamba hukujua. Ni kweli hukujua kwamba ni mwanao. Lakini wale wengine nao ni wana wa watu. Kama aliyekaa kushoto kwako angekuwa binti wa Mama Kezia, ungekuwa umefanya jambo lile lile, ungelala vizuri, na mimi nisingekuwa na la kukushitakia.

Bi Ybarra amegoma kufuta jina la Pelagia. Amesema mtoto bado hajatimiza miaka kumi na nane na yeye hasikilizi kujitoa kwake mpaka asikie kwa mzazi, na nafasi ataishikilia mpaka mwisho wa mwezi huu. Kwa hiyo sasa jambo liko kwako. Kuna njia rahisi, na nakujua utaipenda: ukae kimya mwezi uishe, kisha useme mtoto aliamua mwenyewe. Ndiyo maana nimekuandikia. Kuanzia leo huwezi tena kusema hukujua.

Ama ufanye hivi. Siku utakayoisoma barua hii, ukitoka kazini usiwashe televisheni. Mwite Pelagia, mwite na Melania akae hapo. Mwombe binti yako aseme yale maneno aliyokuwa ayaseme jukwaani. Ayaseme kwa Kiswahili chake hicho hicho, na akikwama usimkamilishie. Usimsaidie neno hata moja. Wewe umeshaongea kwa niaba ya watu vya kutosha.

Sina mengine. Msalimie wifi yangu Melania, mwambie nampenda na kwamba mboga zake hazikuwahi kuwa na kasoro. Wabusu wanao mapacha. Mama anawasalimu kutoka Bukoba, sukari imetulia, nimeongea naye jana na sikumwambia lolote kati ya haya, kwa sababu angenituma nikupige na mimi ningekuja. Pelagia usimpe salamu zangu. Kama utampa kitu, mpe nafasi ya kuongea.

Simu yako usinipigie, sitaipokea. Nasubiri ya kwake.

Ni mimi mdogo wako,
Bertila
Shangazi wa Pelagia